Barua kwa Bi Mwanaidi: Anayekucheka kwa Kinyozi

Bi Mwanaidi alifundisha historia na Kiswahili katika shule za sekondari jijini Nairobi hadi alipostaafu. Hujibu barua za wasomaji kila mwezi.

Bi Mwanaidi, shikamoo. Mimi ni fundi wa stima, naishi Umoja. Kampuni iliyokuwa imeniajiri ilifunga milango mwaka jana na tangu hapo naishi kwa vibarua. Mke wangu ni muuguzi, ndiye analipa kodi ya nyumba. Akiwa zamu ya usiku mimi ndiye nawaandaa watoto kwenda shule, nafua, naanika kwenye kamba ya ploti mbele ya kila mtu. Nyumbani kwetu hakuna ugomvi. Tatizo liko kwa kinyozi. Nikienda kunyolewa Jumapili wananiuliza kama leo nimepewa ruhusa ya kutoka. Wanasema nimekaliwa chapati, yaani mke ndiye ananitawala. Kinachonichoma ni kwamba hao wanaonicheka hawana kazi, na mmoja wao analala kwa dadake. Mpwa wangu aliye chuo kikuu ananiambia jambo hili lina jina, “uanaume wa kihegemonia”, akanitumia makala ya Kiingereza ambayo sikuyamaliza. Nieleze kwa lugha ninayoielewa. Na uniambie, kwa nini anayenicheka si tajiri, ni yule aliye kama mimi?
*Fundi wa Stima, Umoja*

Marahaba, Fundi. Swali lako la mwisho ndilo lenye mwiba, na kama mpwa wako angeanzia hapo, makala yake ungeyamaliza.

Wazo lenyewe lilikomaa gerezani. Mwaka 1926 serikali ya dikteta Mussolini ilimtia ndani mbunge wa chama cha Kikomunisti cha Italia, Antonio Gramsci, mtu mfupi, mwenye kibyongo, mgonjwamgonjwa. Alikufa 1937, na miaka mingi ya katikati aliimalizia kifungoni akijaza madaftari zaidi ya 30. Alikuwa akitafuta jibu la jambo ambalo wewe umeliona kwa kinyozi: mbona mnyonge anaukubali mpango unaomkandamiza, tena anautetea kwa mdomo wake mwenyewe? Akaona kwamba wenye nguvu hawatawali kwa rungu pekee, maana kila siku kupiga watu ni gharama. Wanautandaza mtazamo wao shuleni, kanisani na magazetini mpaka uonekane ndio akili ya kawaida ya mtu yeyote mwenye busara. Ukifika hapo, rungu linaweza kupumzika. Watu watachungana wenyewe. Utawala huo wa kukubaliwa ndio aliouita hegemonia.

Miaka ya 1980 mwanasosholojia wa Australia, Raewyn Connell, alilichukua wazo hilo akaliingiza kwenye uanaume. Yeye na wenzake walikuwa wamefanya utafiti katika shule za sekondari za kwao, wakaona jambo ambalo mwalimu yeyote wa zamu amewahi kuliona: wavulana wa shule moja wana namna nyingi za kuwa wavulana, lakini kuna moja inayokaa juu na wengine wote wanapimwa kwayo. Anayependa mpira anapimwa nayo, anayependa vitabu anapimwa nayo, na wasichana nao wanapangwa kulingana nayo. Mwaka 1995 alilitolea kitabu kizima.

Sasa shika hili, kwa sababu ndipo watu wengi huteleza. Uanaume huo wa juu, ndio huo “wa kihegemonia” wa mpwa wako, si ule walio nao wanaume wengi. Wanaoufikia ni wachache mno. Chukua kipimo cha hapa Nairobi: ana gari la juu, ana shamba la kuuza vipande Kitengela, analipia meza nzima bila kuangalia bili, hajaonekana akilia, hajashika beseni, na akianza kuongea mkewe ananyamaza. Haya, tuhesabu. Umoja nzima hao hawajazi matatu ya abiria 14. Hata hivyo, wale waliobaki stejini ndio wanaoishangilia.

Kwa nini? Connell alisema wanaume wengi ni washiriki wa pembeni. Hawana ubabe wenyewe, ila wanakula gawio lake. Mtazame huyo rafiki yako anayelala kwa dadake. Hana kazi na halipi kodi. Lakini dadake akirudi jioni na miguu imevimba, nani anaingia jikoni? Sahani ya nani inawekwa kwanza? Wakienda kwenye kikao cha ukoo, yeye atapewa kiti mbele na kuulizwa maoni, na dada aliyelipa nauli ya wote wawili atakuwa nyuma anamenya viazi. Hicho anachopewa ni kidogo, lakini kwa mtu asiye na kingine, ni mali. Halafu wewe unatokea, mwanamume kama yeye, mfupa na nyama, unaanika sare za watoto mchana kweupe na hufi. Dada yake akikuona? Unagusa sahani yake, Fundi. Ndiyo maana anacheka kwa nguvu. Tajiri wa Kitengela hana haja ya kukucheka, hata hajui unaishi.

Na usidhani wanawake tumekaa kando. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikuwa umekusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi, ukidai Harry Thuku, kiongozi aliyekamatwa kwa kuupinga ukoloni, aachiliwe. Wazee waliokwenda kuzungumza na serikali waliporudi na ahadi, wanaume wakaanza kuondoka. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akainua nguo yake mpaka juu, akawaambia wanaume waichukue na wampe yeye suruali zao. Umati ukarudi, ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Kwangu mimi huyo ni shujaa bila ubishi, na kila nilipolifundisha somo hilo darasa lilinyamaza. Lakini sikiliza alichowachoma nacho. Dhihaka ile iliwaka kwa sababu kila aliyekuwa pale, mwanamke kwa mwanamume, alikubali kwamba ujasiri unakaa ndani ya suruali. Mama mkwe anayekupigia simu kumsikitikia binti yake kwa kuolewa na mtu anayefua (niambie kama hajakupigia) anatumia silaha hiyo hiyo, na yeye hana hata risasi za polisi mbele yake za kumfanya asamehewe.

Watakuambia pia kwamba huu ndio utamaduni wetu tangu enzi, mume analisha, mke anakaa. Hapo nina hoja yangu mwenyewe, maana mimi nimezaliwa Majengo, Pumwani, katika nyumba ya nyanya yangu. Nimesema ya nyanya. Aliijenga kwa miti na udongo, akaiezeka kwa mabati ya madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, akapangisha vyumba kwa wanaume waliokuja mjini kutafuta kazi. Mpangaji akichelewesha kodi, nyanya alikuwa akiweka kigoda chake kwenye mlango wa chumba, anakaa, anachambua mchele. Hasemi neno. Ukitaka kutoka inabidi umruke, na nani angethubutu kumruka? Saa mbili hazikuisha kabla pesa hazijapatikana. Wala hakuwa wa ajabu. Katika Pangani ya zamani, iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wengi kuhamishiwa Shauri Moyo, na katika Pumwani yenyewe, wanawake wenye nyumba walikuwa wengi. Wanahistoria wa Nairobi wameliandika hilo.

Na hao wapangaji walikuwa akina nani? Wanaume waliosukumwa mjini na kodi ya serikali, kipande, kitambulisho cha mkoloni, kimening'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na mchana kutwa wanaitwa “boi” hata wakiwa na wajukuu. Jiji lilijengwa likimhesabu Mwafrika kuwa mwanamume mseja anayepita. Alipewa nafasi ya kitanda na mshahara wa mtu mmoja. Mke alitakiwa abaki kijijini, alime, alishe watoto kwa jembe lake, ili mwajiri asilipe zaidi. Ilikuwa mwaka 1954 ndipo kamati ya serikali kuhusu mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilipopendekeza kima cha chini kihesabiwe kwa mtu mwenye mke na watoto badala ya mseja. Kwa hiyo yule mwanamume wa tangu enzi, anayelisha nyumba nzima kwa mshahara wake peke yake, hapa Nairobi ni mdogo wangu. Mimi nilikuwa tayari natembea. Kabla yake, kule mashambani, mwanamume alipimwa kwa rika lake, mifugo yake na ulimi wake barazani, na ghala la chakula lilikuwa mikononi mwa mke. Kipimo kimehamahama kila wenye nguvu walipobadilika, na kila kilipohamia kiliapa kwamba kimezaliwa hapo.

Sasa wewe ufanye nini Jumapili? Usijieleze. Mwanamume anayejieleza kwa kinyozi amekwisha, kinyozi mwenyewe atakuambia. Wakikuuliza kama umepewa ruhusa, jibu, “Ndiyo, mpaka saa kumi,” kisha keti na uombe gazeti. Na yule anayelala kwa dadake, akipatikana peke yake, mchukue siku moja kwenye kibarua cha nyaya akushikie ngazi. Dhihaka nyingi hufa mtu akipata shilingi mia tano zake.

Ila na wewe nikuonye. Barua yako inaeleza kufua na kuanika, lakini hakuna hata sentensi moja inayosema mke wako analalaje akitoka zamu. Usije ukataka nishani kwa kazi ambayo yeye aliifanya miaka yote bila hata kinyozi wa kumcheka.

Bi Mwanaidi, mwanangu wa kiume ana miaka 15. Tangu apate simu anasikiliza wanaume wa mtandaoni wanaofundisha “uanaume wa kweli”. Sasa hataki kupeleka sahani yake jikoni, anamwambia dadake ndiyo kazi yake. Juzi alimwambia babake ni mnyonge kwa sababu alilia kwenye mazishi ya nyanya. Nikimkemea ananiambia mtoto wa kiume amesahaulika, kila kitu ni msichana. Nimnyang'anye simu? Na hilo la kusahaulika, si kuna ukweli?
*Mama wa Wawili, Ruaka*

Mama, simu usimnyang'anye. Ataazima ya mwenzake na utakuwa umempa walimu wake ushahidi. Sahani, hata hivyo, ibaki mezani mpaka aiondoe mwenyewe, hata nzi wakija. Hilo halina mjadala na wala halihitaji nadharia.

Kuhusu kusahaulika, ndiyo, kuna ukweli, na tukiukana tunamsukuma zaidi kwa hao watu. Wanaume wanajiua kuliko wanawake. Duniani kote ni zaidi ya mara mbili. Pombe haramu mitaani mwetu inamaliza vijana wa kiume mbele ya macho yetu. Na mpaka hivi juzi, aliyejaribu kujiua hapa Kenya akashindwa alikuwa akingojewa na polisi, chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai. Ilikuwa Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Lakini muulize mwanao swali moja, bila ukali: aliyemwambia mvulana ajikaze, asilie, asiseme anaumwa, ni nani? Si dada yake. Ni mwalimu yule yule wa mtandaoni anayemsikitikia asubuhi na kumwambia jioni kwamba wanaume hawaombi msaada. Anamuuzia jeraha na bendeji kwa pamoja. Connell na mwenzake James Messerschmidt waliandika mwaka 2005 kwamba mambo haya yanatengenezwa katika ngazi kadhaa, mtaani, kitaifa na kidunia, na kila ngazi inailisha nyingine. Mwanao anazo zote tatu mfukoni. Video imerekodiwa Marekani, imetafsiriwa kwa Sheng na kijana wa Nairobi, imetua kwenye meza yako ya chakula Ruaka.

Tena kuna jambo ningetaka alione kwa macho yake. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Akitafuta picha za siku hiyo, ashuke chini asome maoni. Atakuta watu wa kawaida kabisa, wenye picha za watoto wao kwenye akaunti, wakiuliza marehemu alikuwa akitafuta nini chumbani kwa mwanamume. Hakuna aliyewatuma wala kuwalipa. Gramsci angehitaji daftari jingine. Msome naye, umuulize ni yupi kati ya hao angetaka amfundishe dada yake.

Baba yake ndiye dawa, lakini si kwa kikao. Vijana wa miaka 15 wana kinga dhidi ya vikao. Akiwa anaosha gari au anachoma nyama, amwite amshikie koleo, na amweleze nyanya alikuwa nani kwake: nani alimpeleka hospitali usiku, nani alimuuzia kuku apate karo. Alie tena kama kilio kitakuja, wala asigeuze uso. Wewe usiwepo.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kifungua mimba, naishi South B. Baba alifariki wiki iliyopita. Bili ya hospitali nimelipa mimi, mochari nalipa mimi. Kwenye mkutano wa kwanza wa mazishi ami zangu wamemfanya ndugu yangu mdogo, wa miaka 22, mwenyekiti wa kamati “kwa sababu ndiye mwanamume wa boma sasa”. Mimi wameniweka kwenye chakula. Nikubali, nisilete aibu?
*Binti wa Kwanza*

Pole sana, mwanangu. Mungu amlaze mzee mahali pema.

Mazishi ndipo mambo haya yanapovua kanzu. Wenye umri wangu tunakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, aliyewahi kuwa katika Mau Mau na hakuwa mtu wa kutishwa, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa mochari ya jiji miezi mitano kesi ikiendelea. Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga Mei 1987, na mjane hakwenda. Nchi nzima ilijifunza pale mke anahesabiwa wapi. Katiba ya 2010 imeandika vingine: kifungu cha 27 kinawapa wanawake na wanaume haki ya kutendewa sawa. Lakini ami zako hawajaja kwenye mkutano na Katiba, na sikushauri uwasomee huku maiti iko mochari.

Angalia badala yake ni nini kiko mikononi mwako. Stakabadhi za hospitali unazo wewe. Kibali cha mazishi, kama hakijachukuliwa, nenda ukakichukue wewe kesho asubuhi. Omba uwe mweka hazina, michango ipitie kwako, na orodha uisome wewe kila mkutano. Hilo huwa hawalikatai kwa sababu wanaliona ni ukarani. Kiti cha mbele wataketi, na hakuna jeneza litakalonunuliwa bila wewe kufungua mkoba. Chakula wape ami mmoja. Nasema kweli, wapo wanaojua bei ya ng'ombe kuliko wewe.

Na yule kijana, kuna aliyemuuliza? Ana miaka 22, amefiwa na babake, na wazee wamemtwika boma zima kwa mkutano wa saa moja. Huenda usiku halali. Mpigie simu kabla ya mkutano ujao, mzungumze mkiwa wawili tu. Kama anakitaka kiti, mwambie utakaa karibu naye na hesabu. Kama hakitaki, aseme yeye mwenyewe mbele ya ami zenu kwamba anamwachia dada yake, na wewe uwe umeshaandika ajenda.